Rangi Iliyogoma Kubadilika

Nilikwenda Mpwapwa kumzika Yohana ili nihakikishe. Watu wa ofisi ya zamani walidhani nimekwenda kwa utu, na Mama Ndahani, aliyekuwa bosi wetu, alinishika mkono akasema, "Umefanya vizuri kuja, mwanangu. Ya zamani yamekwisha." Nikaitikia. Lakini nilipanda basi kutoka Dodoma kwa sababu moja tu: nilitaka kuliona jeneza likishuka. Na hata hapo hakuniacha. Kabla ya mazishi mdogo wake alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, akaugua figo. Katikati ya hayo akasoma, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, kwamba marehemu ndiye aliyejenga tovuti ya taasisi moja kubwa ya umma kule Mtumba, "peke yake, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho." Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilikuwa nimeketi mkekani katikati ya wanawake, khanga nimejifunika hadi kwenye paji la uso. Mistari ile niliiandika mimi. Marehemu hasemwi vibaya, ndivyo tulivyolelewa, na siku ile sikumsema. Nilitupia udongo wangu, nikala wali wa msibani, nikarudi nyumbani. Namsema leo.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao watumishi wa serikali walikuwa wakimiminika Dodoma na nyumba za Nzuguni zikipangishwa kabla hazijapigwa plasta. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Ofisi yetu ilikuwa huko huko Nzuguni, sebule ya Mama Ndahani, katibu muhtasi mstaafu aliyetambua mapema kuliko wengi kwamba kila ofisi inayohamia mjini itahitaji tovuti. Alitoa makochi, akabakiza kabati la vyombo na picha yake ya harusi, akapanga meza tatu: ya Yohana dirishani penye hewa, ya kwangu ukutani, na ya Pili karibu na mlango wa jikoni. Yohana alikuwa fundi mkuu. Pili alikuwa mwenzangu wa kazi na wa chumba pia. Tulipanga pamoja nyumba ya tatu kutoka pale, chumba kimoja, magodoro mawili, jiko moja la mkaa. Saa saba mchana Mama Ndahani alifungua mlango wa jikoni, na harufu ya mlenda ikaingia kabla yake. "Mbukwa, wanangu," alitusalimu kwa Kigogo chake, nasi tukajibu hivyo hivyo, hata mimi Mrangi wa Kondoa ambaye mpaka leo Kigogo changu kinaishia hapo. Tulikula ugali wa uwele kwenye sinia moja, tukifunika chakula kwa mfuniko kila upepo ulipovusha vumbi dirishani. Ukila sinia moja na mtu kwa mwaka mzima unamjua. Nilimjua Yohana kwamba anakata tonge kubwa, anakula haraka, na anazungumza juu ya kila mtu.

Sitamdhulumu. Alinifundisha kazi. Juma langu la kwanza alivuta kiti karibu na changu, akachora kwenye nyuma ya bahasha ukurasa wa tovuti: kichwa juu, maandishi katikati, visanduku vya habari pembeni. "Ukurasa wenyewe uko kwenye faili moja," alisema, "na mapambo yake, rangi, ukubwa, nafasi, yako kwenye faili lingine, faili la mitindo. Sasa, faili la mitindo litajuaje linazungumza na nani? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ID. Hiyo ni kama namba ya NIDA, kitu kimoja ndani ya ukurasa, basi. Unaiandika kwa alama ya reli. Ya pili ni klasi, unaianza na nukta. Klasi ni kama sare ya shule, unaweza kuwavalisha wanafunzi mia." Nilimuuliza itakuwaje vikigombana, kitu kikiambiwa na klasi yake kiwe kijani na ID yake ikikiambia kiwe bluu. Alicheka, akanipiga begani. "Kitakuwa bluu. Rudia agizo la klasi mara kumi, litie chini kabisa ya faili, bado bluu. ID ndiyo bosi, Salma. Mimi nikitaka kitu kinisikie, nakipa ID."

Na kweli alivipa vyote. Kurasa za Yohana zilikuwa na ID kwenye kila kichwa, kila kitufe, kila aya iliyomtia shaka. Ilikuwa haraka kuandika na mateso kurekebisha. Mteja akitaka vitufe vyote vipungue ukubwa kidogo, mimi na Pili tulikaa siku mbili tukiwinda kimoja kimoja, maana kila kimoja kilikuwa na jina lake na agizo lake, na ukijaribu kuyaweka maagizo pamoja kwenye klasi hayasikilizwi. Ile kazi ya Mtumba ilipokuja, tovuti yenye kurasa zaidi ya mia, nilijua kwa njia ile tutazeeka nayo. Nilimwomba Mama Ndahani aniachie nianze upya. Akamtazama Yohana. Yohana alikuwa anatafuna, akasema, "Ajaribu."

Nilijaribu miezi mitatu. Niliamka na ile kazi kichwani na nikapika nayo kichwani. Niliziweka kurasa zote mbele yangu nikatafuta vinavyofanana: hiki ni kisanduku, hiki ni kisanduku vilevile ila kina mpaka mwekundu, hiki ni kitufe. Kila aina nikaipa klasi moja, jina fupi la Kiswahili ambalo hata atakayekuja baada yangu angelielewa. ID nikaziacha mahali pachache penye sababu, kama pale kiungo kinapotakiwa kumrusha msomaji hadi kwenye sehemu fulani ya ukurasa. Faili la mitindo likapungua mpaka nikalisoma lote bila kuchoka. Siku nilipobadilisha mstari mmoja na kurasa zote zikageuka rangi kwa pamoja, Pili alipiga kigelegele, na Mama Ndahani akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza nani anaolewa. Yohana alikuja akasimama nyuma yangu. "Umewezaje?" Nikamweleza, polepole, kwa furaha, kama mjinga. Nilimweleza kila kitu, na yeye aliandika kwenye daftari.

Siku ya kuiwasilisha ilikuwa Julai, upepo mkali, baridi ile ya Dodoma inayoingia mifupani asubuhi na kusahaulika mchana. Tulikwenda Mtumba watatu: Mama Ndahani, Yohana na mimi. Katika chumba cha mikutano walikuwepo maofisa kama tisa, na mkuu wao wa kitengo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimevaa gauni la Idi. Yohana akasimama kabla sijavuta pumzi. "Niliona tusitumie ID kila mahali," alianza, "kwa sababu ID ni ya kitu kimoja. Nikachagua klasi, ili kesho mkitaka kubadilisha, mbadilishe mstari mmoja tu." Yalikuwa maneno yangu, hata pale nilipopumzika na yeye alipumzika. Mkuu wa kitengo alinigeukia, akauliza kwa wema, "Na huyu dada?" Yohana akatabasamu. "Huyu anatusaidia kuingiza maandishi." Nikamtazama Mama Ndahani. Mama Ndahani akayatazama mapazia. Ofisa mmoja aliyekuwa karibu nami akanong'ona, "Basi dada, tusaidie kupitisha maji." Nikayapitisha. Nilizunguka ile meza na chupa za maji, moja moja, na nilipofika kwa Yohana nilimwekea ya kwake mbele taratibu, na hapo ndipo nilipoanza kumchukia. Nakumbuka mahali penyewe, kiti cha pili kutoka kwenye projekta.

Njiani kurudi Mama Ndahani alisema, "Vumilia, mwanangu. Wateja wakiona anaongea mtu mmoja tu, tena mwanamume, wanatulia. Hata mimi nimeandika hotuba nyingi za watu." Nilipofika mezani nikafungua faili. Juu kabisa, kwenye ule mstari ambao kompyuta haiusomi ila binadamu anausoma, nilikuwa nimeandika jina langu. Halikuwepo. Lilikuwepo la Yohana.

"Yohana," nilimwita, "jina langu liko wapi?"

"Ah, dada Salma, ni la ofisi hilo. Wanataka jina la mhusika mkuu."

"Wewe ndiye mhusika mkuu?"

"Nani alikufundisha klasi ni nini?" aliuliza, na hakuwa amekasirika hata kidogo. Hilo ndilo lililoniua. Alikuwa anauliza kwa dhati.

Nilikaa na jibu langu Agosti na Septemba, nikala naye sinia moja, nikamsogezea mboga. Pili ndiye pekee aliyeniona. "Shoga, unamtazama Yohana kama unampima sanda," aliniambia siku moja tukipuliza mkaa. Nikacheka. Kisha Oktoba, joto limekaba na mawingu yanapita bila kudondosha kitu, Yohana akatangaza mezani kwamba ile taasisi inamtafuta mtu wa kudumu wa kusimamia tovuti, na wamemwita kwenye usaili. Wangempa jaribio mbele yao: nembo yao mpya ilikuwa ya kijani, kwa hiyo abadilishe rangi ya tovuti nzima kutoka bluu. "Jaribio gani hilo," alisema, akilamba vidole. "Nabadilisha klasi moja, kurasa zote zinageuka." Ilikuwa sentensi yangu tena. Nilinawa mikono nikarudi mezani kwangu, na nilikuwa nimetulia kuliko nilivyokuwa mwaka mzima.

Kazi ile ilinichukua alasiri nne. Sikuharibu kitu, na hiyo ndiyo sehemu niliyojivunia. Vile vichwa, vile vitufe na vile visanduku nilivirudishia ID, kimya kimya. Faili la mitindo ambalo Yohana alilijua sikuligusa. Angelifungua angekuta klasi zote mahali alipoziacha. Nikaandika faili dogo la pili, nikalipa jina lisilovuta macho, na ndani yake nikaziambia ID zote zibaki bluu. Nilimjua mwanafunzi wangu na mwalimu wangu. Nilijua akikwama atakimbilia ID, kwa hiyo maagizo yangu niliyafunga kwa ID mbili mbili, ya ukurasa na ya kitu chenyewe, ili ID yake moja isifue dafu. Kwa macho tovuti ilikuwa ile ile. Mtu aliyeijenga kweli angeketi, angefuatilia agizo linatoka wapi, na ndani ya dakika tano angelipata faili langu. Huo ndio ulikuwa mtihani niliomtungia, na mpaka leo naona ulikuwa wa haki. Angeushinda angekuwa hajaniibia.

Asubuhi ya usaili niliamka nikamkuta Pili mbele ya kioo amevaa viatu vya kisigino. Hakuwa na sababu ya kuvaa viatu vile. "Yohana kaniomba niende naye," alisema, uso unang'aa. "Yeye ataongea, mimi nitakaa kwenye kompyuta nibonyeze. Anasema akipata kazi ile, nafasi yake hapa atamwambia Mama anipe mimi." Akageuka nimfunge vifungo vya mgongoni. Nikavifunga. Vilikuwa sita, vidogo, na nilikuwa na muda wa kusema wakati wa kila kimoja. Nilimwaza Yohana akisimama pale mbele. Nikamwambia Pili, "Umependeza."

Yaliyotokea Mtumba nilisimuliwa baadaye na Pili mwenyewe, na kwa miaka nimeyarudia hadi nayaona kama nilikuwepo. Yohana alisema maneno yake. Pili akabadilisha bluu kuwa kijani kwenye klasi, akahifadhi, akafungua ukurasa upya. Bluu. Yohana akacheka, akasema pengine kivinjari kimeshika ukurasa wa zamani. Wakafungua upya. Bluu. Akainama juu ya bega la Pili akaandika agizo lile lile chini kabisa ya faili. Bluu. Akatafuta ID, akaandika moja kwa alama yake ya reli, akikosea herufi na kuzirudia. Bluu. Mkuu wa kitengo akavaa miwani. "Si ulituambia ni mstari mmoja?" Yohana, jasho likimtoka kwenye kola, akanyoosha mkono na kumwonyesha Pili kwa kidole. "Huyu ndiye aliyeligusa faili juzi. Nilimkataza." Pili alisema alidhani anatania. Akamgeukia ili acheke naye, akakuta hamtazami.

Saa kumi alasiri Pili alirudi ofisini na Mama Ndahani, aliyekwisha kupigiwa simu na Yohana, akamwambia, bila kumpa kiti, asije tena kazini. Nilikuwa mezani kwangu. Nilisikia kila neno, na nitaandika hapa kwamba jambo la kwanza nililojisikia halikuwa huruma. Lilikuwa hasira kwamba amechomoka tena, ameteleza, amempata mtu wa kumweka mahali pake. Huruma ilikuja ya pili, na ilikuja taratibu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mama Ndahani uani akichambua majani ya mlenda. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nikamwambia ni mimi, nikamweleza nilivyofanya. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. "Nilijua si Pili," alisema mwishowe. "Pili akikasirika anapiga kelele. Wewe unasogeza mboga." Kisha akaniangalia. "Na mimi siku ile ya Julai ningesema. Nilikuwa na mdomo. Nenda kamwambie yule mama wa Mtumba mwenyewe, na uende na ushahidi wako."

Nilikwenda na flashi yenye nakala zangu zote za zile siku za mwanzo, kila moja na jina langu juu na siku iliyohifadhiwa. Mkuu wa kitengo alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akampigia simu Yohana aje. Alipoingia na kuniona alijua. Yule mama akamgeuzia kompyuta. "Kijana, mimi si mtaalamu. Nionyeshe tu kwa nini jana rangi haikubadilika." Yohana aliketi. Alifungua faili, akashuka nalo, akapanda nalo. Muda ukapita wa kutosha kunywa chai. Hakuna aliyemharakisha. Nilisimama nyuma yake kama yeye alivyosimama nyuma yangu, na nikaona masikio yake yakibadilika rangi. Halafu yule mama akasema, "Dada, hebu." Yohana akaondoka kitini nikakaa. Nikafuta mstari mmoja, ule uliokuwa ukiliita faili langu la pili, nikafungua ukurasa upya. Kijani. Ukurasa wa pili, kijani. Wa tatu. Nilimfungulia kumi na kitu, nyingi kuliko ilivyohitajika, nikisikia pumzi ya Yohana nyuma yangu. Ilikuwa tamu. Nimekula vitu vizuri maishani, na sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile.

"Basi," alisema mkuu wa kitengo. Akavua miwani. "Aliyeiba nimemwona. Na aliyefunga mlango akatia ufunguo mfukoni nimemwona pia. Sitamwajiri hata mmoja wenu." Nilitaka kujibu kwamba mimi sikuomba kazi. Nikagundua kwamba niliitaka, na kwamba ningeipata, laiti siku ile ya Julai ningeongea badala ya kupitisha maji, au laiti mwezi huu ningemletea ile flashi tu na si mtego.

Yohana hakurudi Nzuguni hata kuchukua daftari lake. Nilisikia alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi nzuri, na kumbe alikwenda na tovuti yangu kwenye wasifu wake mpaka kaburini. Kwa hiyo hata kisasi changu hakikumnyang'anya kitu; kilimnyima kiti kimoja Mtumba, basi. Mama Ndahani alimweleza Pili ukweli, akamwita arudi, akaniomba na mimi nibaki. Pili alikataa. Alihama Jumamosi. Nilimsaidia kubeba godoro hadi kwenye bajaji, mimi nyuma yeye mbele, na kwa kuwa hakuniona usoni nikapata ujasiri wa kusema, "Pili, yeye ndiye aliyekutaja. Si mimi."

Akashusha upande wake. "Yohana alinitaja kwa sababu aliogopa," alisema. "Mtu akiogopa anashika chochote. Wewe hukuwa umeogopa, Salma. Ulikuwa unajua naenda wapi, na ulikuwa umetulia." Hakulia. Alilisukuma godoro ndani, akakaa pembeni yake, akamwambia dereva waende.

Watu wa dini wameniambia nimsamehe marehemu, nami huwajibu kwamba nitalifikiria. Sijalifikiria. Tangu nitoke Mpwapwa nimeiandika tena akilini kazi ya zile alasiri nne, ID juu ya ID, na kila mara nafika mwisho nikiwa sijajuta hata herufi. Ningeulizwa leo, ningemtungia Yohana mtihani ule ule, na angeanguka vile vile, na ningesimama nyuma yake niyatazame masikio yake. Ila asubuhi ile, nikiwa na kifungo cha sita mkononi, ningemwambia Pili, "Usiende." Ni neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni.